Safu ya maikrofoni inakosea upande wa sauti: dalili, vyanzo na matengenezo

Karibu kila anayeniletea safu yake ya maiki, yaani maiki kadhaa zilizofungwa pamoja, husema, "Hesabu ya programu ina kasoro." Nikiifungua, mara nyingi hesabu ni nzima. Ubovu uko kwenye waya, kwenye saa ya bodi, kwenye nafasi kati ya maiki na maiki, au kwenye ukuta wa jirani. Nimeandika mwongozo huu kwa vijana na walimu wa hapa Amu (Lamu) wanaojenga vyombo vya kutambua sauti inatoka wapi: boti ya injini inayokuja kwenye mkondo wa bahari, ndege wa mikokoni, mtu anayezungumza ukumbini. Malalamiko ni yale yale mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo cha kawaida zaidi kimetangulia.

Kanuni yenyewe ni fupi. Sauti ikitokea ubavuni, maiki iliyo karibu nayo huisikia kabla ya iliyo mbali, na tofauti hiyo ya wakati ndiyo inayotupa pembe. Kwa joto la digrii 30, sauti huenda kama mita 349 kwa sekunde. Maiki mbili zikiachana sentimita 10, tofauti kubwa kabisa inayoweza kutokea ni maikrosekunde 287, chini ya theluthi ya milisekunde moja. Ndiyo maana kasoro ndogo ya chombo hugeuka kosa kubwa la upande.

Majaribio mawili kabla hujagusa programu

Ipeleke safu mahali wazi pasipo ukuta. Kwetu pazuri ni ufuo wa Shela maji yakiwa yametoka, asubuhi mapema kabla upepo haujashika. Iweke juu ya kigoda, chora duara mchangani kwa uzi wa mita 3, kisha piga kofi moja moja kutoka pande 8. Andika daftarini upande wa kweli na upande uliosomwa. Kofi linafaa kwa sababu ni fupi na ndani yake mna sauti nene na nyembamba kwa pamoja. Safu ikikosea hapa, ubovu uko ndani ya chombo, achana na habari za mwangwi. Ikipatia hapa kisha ikakosea darini kwako, juu ya paa bapa la nyumba, chombo ni kizima na tatizo ni mahali.

Jaribio la pili nilifundishwa na nahodha mmoja mzee aliyenikuta gatini nikihangaika na skrini. Boti ilikuwa inasikika, haijaonekana. Mzee aliacha kuvuta tasbihi, akageuza uso taratibu kulia, akaurudisha kushoto, akatulia kidogo, akasema inatoka Shela. Baada ya muda ikatokeza upande wa Shela. Ndipo akaniambia, "Mwanangu, chombo chako hakigeuzi kitwa."

Tangu siku ile nageuza. Weka spika ndogo ikilia mfululizo, usome namba, kisha izungushe safu digrii 90 palepale ilipo. Kama namba haikubadilika, yaani safu bado inasema "mbele yangu" ingawa mbele yake sasa ni kwingine, kasoro imo kisandukuni. Kama namba imebadilika kwa digrii 90 na ukifuata mshale wa skrini unakuta unaelekea palepale ukutani, basi kweli kuna sauti inayotoka pale, na huenda ni mwangwi. Jaribio hili la dakika mbili limeniokolea siku nyingi za kubadilisha mistari ya programu bure.

Dalili: mshale hautulii, unaruka pande zote

Anza na upepo. Wakati wa kusi, darini kwetu, hiki ndicho chanzo hata kabla sijauliza. Upepo unaipiga kila maiki kivyake, kwa hiyo kinachoingia maiki ya kwanza hakifanani na kinachoingia ya pili, na programu inabaki ikitafuta mfanano usiokuwapo. Vaa spika za masikioni usikilize rekodi: ukisikia mngurumo kama wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa, ni upepo. Funika kila maiki kwa sponji nene yenye matundu. Ukiwa na kitambaa cha manyoya bandia, kivike juu ya sponji. Kisha chuja sauti zote zilizo chini ya hezi 300 (mitetemo 300 kwa sekunde), kwa sababu nguvu nyingi ya upepo iko huko. Usiogope kuipoteza boti. Injini ya silinda mbili ya mipigo miwili, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupiga mara 100 kwa sekunde, lakini juu ya hizo 100 kuna 200, 300, 400 na kuendelea. Hizo za juu ndizo zinazotoa upande vizuri kwenye safu ndogo. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3 na nusu, na sentimita 10 zako hazina cha kulifanya.

Usiifiche safu nyuma ya ukuta wa dari ili kuikinga na upepo. Utakuwa umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Chanzo cha pili ni kimya. Programu nyingi hutoa pembe kila wakati, hata pasipokuwa na sauti ya maana. Weka kiwango: chini ya nguvu fulani, isiseme kitu.

Cha tatu huwaumiza watu kwa sababu hakionekani. Umenunua maiki mbili za USB, kila moja na waya wake, ukazichomeka kwenye kompyuta moja ukadhani ni safu. Kila moja ina saa yake ndani, na saa mbili hazikubaliani. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, zinaachana maikrosekunde 50 kila sekunde. Kumbuka kipimo chako chote ni 287. Baada ya sekunde 6 umeshatoka nje ya mpaka, na hakuna programu itakayokusomea pembe hapo. Uchunguzi: piga kofi ukiwa umesimama mahali pamoja, kisha rudia baada ya dakika 5. Tofauti ya wakati kati ya chaneli (rekodi ya kila maiki peke yake) ikiwa imehama, tatizo ni saa. Tiba yake ni bodi moja inayonasa maiki zote kwa saa moja. Kuna bodi za maiki 4 na 6 zinazokaa juu ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nazo zimetengenezwa kwa kazi hii. Najua inauma kuambiwa ununue kitu kingine, lakini sijaona njia ya mkato inayodumu.

Mwisho, maiki moja inaweza kuwa imekufa. Rekodi chaneli zote, gusa kila maiki kwa ukucha kwa zamu, uangalie kama wimbi lake linaruka.

Dalili: inasema upande mmoja tu, hata nikizunguka

Mara nyingi namba yenyewe ni sifuri, au digrii 90 kutegemea programu inaanzia wapi kuhesabu, yaani mbele kabisa ya safu. Maana yake ni moja: kuna kitu kinachoingia chaneli zote kwa wakati ule ule.

Angalia kwanza kama una chaneli mbili kweli. Kompyuta na simu nyingi huchukua maiki moja na kuiandika mara mbili. Kwaruza maiki ya kushoto kwa ukucha. Mawimbi yote mawili yakipanda sawasawa, unatazama kitu kimoja na nakala yake.

Kisha zima kila "msaada" wa mfumo: kuondoa kelele, kufuta mwangwi, na ule wa kujipandishia na kujishushia sauti wenyewe. Mambo hayo yamewekwa kwa ajili ya kupiga simu. Huchanganya chaneli au huibadilisha kila moja kwa namna yake, na ile tofauti ndogo ya wakati hupotea. Hifadhi rekodi kama WAV, faili la sauti isiyokandamizwa. Rekodi iliyopita WhatsApp imekandamizwa. Usinitumie hiyo ukitaka nikusaidie kujua pembe.

Kama bado imeganda, sikiliza mvumo wa stima. Umeme wetu ni hezi 50, na mvumo wake ukiingia kwenye bodi unaingia kila chaneli papo hapo. Chomoa chaja, tumia betri. Mshale ukifufuka, umempata mchawi. Mara nyingi ni chaja ya bei rahisi, au waya wa maiki uliolazwa sambamba na waya wa stima. Tenganisha nyaya, na zikilazimika kukutana zipishane msalaba.

Dalili: namba zinapanda kwa ngazi

Mtu anasogea taratibu, lakini skrini inasema 0, 13, 26, 41, 61, na katikati hamna kitu. Nikiona namba hizo najua bila kuuliza: maiki zimeachana sentimita 10 na rekodi ni ya sampuli 16,000 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 16,000 kila sekunde. Kati ya sampuli na sampuli kuna maikrosekunde 62.5, kwa hiyo tofauti kubwa kabisa haifiki hata sampuli 5. Programu inahesabu sampuli nzima nzima, nawe unapata ngazi. Chombo hakijaharibika. Panda hadi sampuli 48,000 kama bodi inaruhusu, au iambie programu itafute kilele, yaani pale chaneli mbili zinapofanana zaidi, katikati ya sampuli mbili. Nyingi zina sehemu hiyo, imezimwa tu.

Dalili: kushoto ni kulia, mbele ni nyuma, au kila kitu kimepinda kwa kiasi kile kile

Kama maiki zako zimekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, safu haiwezi kujua mbele na nyuma. Sauti ya nyuzi 30 mbele na ya nyuzi 30 nyuma huzifikia maiki kwa tofauti ile ile. Hakuna marekebisho ya programu hapa. Ongeza maiki nje ya mstari, au tumia safu ya duara au ya mraba.

Kushoto na kulia vikibadilishana, waya mbili zimebadilishana, au programu inahesabu chaneli kwa mpangilio usiokuwa wako. Rudi kwenye jaribio la ukucha: andika namba ya chaneli kwa kalamu ubavuni mwa kila maiki, kisha ulinganishe na faili la vipimo. Mimi mwenyewe nilikesha usiku mbili nikiandika upya hesabu, kumbe ya 2 na ya 3 zilikuwa zimepishana kwenye lehemu yangu.

Kama makosa yote ni ya kiasi kimoja, tuseme digrii 20 kila upande, safu imewekwa imepinda. Igeuze, au uondoe hizo 20 kwenye programu. Watu wa hapa tuna msaada wa karibu: kibla ya Lamu iko takriban kaskazini, imeelekea magharibi kwa digrii 2 na nusu hivi. Ukijua kibla ya nyumba yako, unajua kaskazini kwa kadiri ya kutosha kwa kazi hii. Dira ya simu iweke mbali na spika, kwani sumaku yake huivuta.

Dalili: sauti nene sawa, sauti nyembamba inatoa pande mbili tatu

Maiki ziko mbali mno kwa sauti unayoitafuta. Nafasi kati yake isizidi nusu ya urefu wa wimbi. Sentimita 10 zinakufikisha kama hezi 1,745. Sentimita 5 zinakufikisha 3,490. Mlio wa ndege mdogo ukipita hapo, programu inaona vilele kadhaa vyenye nguvu sawa na kuchagua kimoja kwa kubahatisha. Sogeza maiki, au chuja sauti zilizo juu ya mpaka wako. Kofi halisumbuki sana na jambo hili kwa sababu lina masafa mengi. Firimbi ndiyo inayoumbua safu.

Dalili: uwanjani sahihi, nyumbani uongo mtupu

Hapa ndipo safu nyingi za Amu hufeli. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa ikalainishwa, na vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Sauti inayotoka mdomoni mwa mtu inaifikia safu, na milisekunde chache baadaye ile ile inafika tena kutoka ukutani, kisha kutoka ukuta wa pili. Simama katikati ya kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba ya zamani, upige kofi moja: utasikia mlio mfupi wa kukatakata baada yake. Hizo ni kuta zikirushiana kofi lako. Kuta zikiwa mita 4 kati yake, kila mzunguko ni mita 8, karibu milisekunde 23.

Sasa tazama programu inafanya nini. Kwa kawaida inachukua kipande cha sampuli 1,024, ambacho kwa sampuli 16,000 ni milisekunde 64. Ndani ya kipande hicho mna sauti ya kweli na miangwi miwili au mitatu, yote yakipewa heshima sawa. Safu ikiwa imebanwa ukutani, mwangwi wa ukuta huo unakaribia kuwa na nguvu kama sauti yenyewe.

Fanya kwa mpangilio huu. Kwanza iondoe ukutani, angalau mita 1, na isikae juu ya meza tupu ya mbao. Itandikie kitambaa kizito. Pili, laini chumba: mikeka peke yake haitoshi, lakini godoro lililosimamishwa ukutani nyuma ya msemaji, zulia na mapazia mazito hubadilisha matokeo mbele ya macho yako. Tatu, programu isome mwanzo wa sauti tu, milisekunde chache za kwanza tangu nguvu inaporuka, kwa sababu sauti iliyonyooka hufika kabla ya mwangwi wake siku zote. Nne, tumia GCC-PHAT, njia ya kulinganisha chaneli mbili inayotokana na kazi ya Knapp na Carter ya mwaka 1976. Inaondoa tofauti za nguvu kati ya masafa na kuacha habari ya wakati, hivyo kilele kinachongoka zaidi. Ila ina sharti lake: mahali penye kelele nyingi na sauti hafifu, inayapa nguvu hata masafa yasiyo na kitu ila kelele. Ichujie kwanza. Tano, usiamini kipande kimoja. Kusanya pembe za sekunde nzima, uchukue ile iliyorudi mara nyingi zaidi. Wastani utakudanganya, maana wastani wa mlango na ukuta ni pembe isiyo na mtu.

Chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, au kwenye kichochoro ambacho mabega mawili hayapishani, sijawahi kupata upande wa kutegemea. Sauti huingia kutoka ncha zote mbili. Ihamishe safu.

Dalili: wakati wa adhana inachanganyikiwa

Misikiti yetu iko karibu karibu, na adhana hupishana kwa sekunde chache. Njia ya MUSIC, aliyoichapisha Ralph Schmidt mwaka 1986, inaweza kutenganisha sauti kadhaa, mradi idadi yake iwe chini ya idadi ya maiki na uitaje mapema. Ukiwa na maiki 4, usiidai sauti 4. Lakini mnara mmoja wenye spika mbili zinazotoa sauti ya muadhini mmoja ni jambo jingine: hizo ni nakala, na MUSIC ya kawaida huziona kama kitu kimoja kilichoharibika. Mwangwi mkali huifanyia MUSIC hivyo hivyo. Kwa hali hiyo rudi kwenye GCC-PHAT, ukijumlisha jozi zote za maiki.

Dalili: asubuhi sawa, alasiri imepotea

Angalia kwanza mlingoti uliobeba safu. Mara nyingi upepo umeuzungusha digrii chache. Piga alama ya rangi kwenye bomba na kwenye kishikio chake ili uone kwa jicho. Pili ni chumvi. Tundu la maiki ndogo za kwenye bodi huziba kwa chumvi na vumbi, na maiki moja ikififia safu nzima inapinda. Usipulize kwa pampu ya hewa wala usichokoe kwa sindano, utando wake unapasuka. Pangusa juu kwa brashi laini kavu. Isipopona, badilisha bodi.

Joto hulaumiwa sana kuliko inavyostahili. Ukiacha programu ikitumia mita 343 za digrii 20 wakati hewa ina digrii 30, pembe ya 60 husomwa 58. Karibu na ncha za safu kosa hukua, na 80 husomwa 75. Andika 349 uendelee.

Wakati wa kuacha na kuita mtu

Mvumo wa stima usipokwisha hata kwa betri, au ukigusa kisanduku ukahisi mtetemo vidoleni, usiendelee kutafuta. Zima, usiguse waya wa ethi wala soketi, ita fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Usiunganishe chombo chako na amplifaya ya msikiti kwa waya, hata ukiruhusiwa na kamati. Laini za spika za minarani huweza kubeba umeme wa kudhuru. Kazi hiyo ni ya fundi aliyezifunga.

Betri ya lithiamu iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena. Itoe nje, iweke juu ya mawe mbali na makuti, kisha mwite fundi wa vifaa vya umeme. Mlingoti unaozidi kimo chako ukingoni mwa dari ufungwe na mjenzi, kwa sababu kuta za zamani za ukingoni huonekana imara huku chokaa imeshaliwa ndani. Wingu likianza kunguruma, shuka.

Na kabla ya kuiacha safu ikisikiliza usiku kucha, nenda kabishe hodi kwa majirani wote wanaopakana na dari yako. Maiki zinazosikia boti mkondoni zinasikia pia mazungumzo ya ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu sauti za watu. Changu kinaandika saa, pembe na nguvu tu. Sauti yenyewe inafutwa palepale. Nyumba ya pili kutoka kwetu waliomba kizimwe kuanzia magharibi, na kila magharibi nakizima.